Chumvi ya Jumatano

Alhamisi, baada ya alasiri, nafungua daftari
nipange wiki ijayo ya wazee wetu thelathini na mmoja.
Kituo chetu kipo nyuma ya soko la Wete,
na daftari ni lile lile la mwaka jana:
nyuma nilihesabu mkaa, mbele nahesabu meno.

Jumatatu: mkate wa mofa na mchuzi.
Hapana. Bi Mize hana magego,
na meno aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati
huyavaa siku ya Idi tu, asije akayachakaza.
Nafuta. Naandika: boko boko.
Nafuta tena. Nyama imepanda,
na fungu tulilopewa halijui soko.
Basi shelisheli za uani kwa Bi Raya,
zile zilizoanguka na mvua bila kungoja upondo,
na dagaa kwa tui la pili,
jepesi, lililokwisha kukamuliwa heshima yake.

Mchana, ukili. Bi Chumu husuka bila kutazama.
Jina la mwanawe hulikosea. Msuko haukosei.

Jumanne: presha kwanza, dhumna baadaye.
Isiwe kinyume.
Mara ile tulianza na dhumna,
Mzee Khatib akafungiwa na sita-sita mkononi,
na mashine ya Sanura ikawaona wote wagonjwa,
hata mshindi.

Jumatano.
Hapa kalamu husimama.

Muuguzi kasema: Jumatano bila chumvi.
Na Jumatano iliyopita Mzee Faki Asaa
aliisukuma sahani mpaka ukingoni mwa meza:
"Miaka ishirini na tisa nimeikokota chumvi kwa jembe,
jua lanichoma juu, chumvi yanila nyayo,
leo mwaniletea changu
kama aliyefia kisimani!"
Thelathini wakacheka.
Thelathini wakasukuma sahani.

Jioni, nikikunja mikeka, nikaokota kikopo
cha mafuta ya kuchua, kizito kuliko mafuta.
Ndani, chumvi. Si ya dukani, ya pakiti.
Ya mawe, ya kijivu, yenye mchanga kidogo,
ya mtu aliyerudi nayo mfukoni siku ya mwisho ya kazi.
Sikumwambia Sanura. Wala sikuitupa.
Usiku kucha ilikaa juu ya kabati langu
kama mtoto wa watu.

Asubuhi nilimwita jikoni, nikamfunulia sufuria.
Kikopo nikakiweka karibu na mkono wake,
hakukitazama, nami sikumtazama akikitambua.
Akachovya kijiko, akaonja, akatema kwa adabu.
"Ndimu mbili.
Pilipili mbichi, nzima, usiipasue.
Funika, wacha haraka."
Kisha akafungua kikopo, akachukua
kiasi cha kukaa chini ya ukucha,
akapiga bismillahi.
"Hii si ya kushiba. Ni ya kuutuma ulimi ukaitafute."

Sahani yake siku ile aliila
mpaka akaonekana jogoo aliyechorwa chini.
Bi Mize alisema chakula kichachu.
Mzee Khatib akasema ndimu ni za wanawake wenye mimba,
akaongeza sahani.

Sasa karatasi ya sheha ina visanduku vinne:
afya, mazoezi, dini, burudani.
Kila shughuli iingie kwake.
Nimeandika: *Faki Asaa, mwonja, saa nne.*
Nimejaribu kumpeleka afya, hakuenea,
burudani angenitukana.
Basi jina lake limekatiza visanduku vyote vinne
na mkia wa herufi ya mwisho umetoka nje.
Sheha ataniuliza. Na aulize.

Alhamisi, vijana wa skuli waje wawasomee gazeti.
Watasikiliza bei ya karafuu tu,
wakishaisikia waseme ni uongo.
Ijumaa tunamaliza mapema.
Jumamosi pamefungwa.

Lakini nawajua wanne
watakaokuja hata hivyo, na bakora zao na kofia safi,
wakae kibarazani wauulize mlango
leo umepika nini.
Pembeni, kwa penseli, mahali sheha hatazami:
viazi vitamu, vya kuchemsha. Vinane.